Wanariadha wetu wafundishwe baridi kabla ya kupanda ndege

Mhariri,

Kila mwaka, kuanzia Novemba hadi Machi, kurasa zako za michezo hutuletea habari za vijana wetu wanaoondoka kwenda kushiriki mbio za barabarani na mbio za nyika barani Ulaya, na ifikapo Aprili tunasoma habari za wale wachache waliobahatika kualikwa kwenye marathoni ya Boston, Marekani. Tunaelezwa muda bora wa kila mmoja, kambi aliyofanyia mazoezi na lengo alilojiwekea. Ambacho sijawahi kukisoma ni iwapo kijana huyo amefundishwa lolote kuhusu baridi atakayokutana nayo, na amepewa nguo gani za kuikabili. Naomba nafasi katika safu yako nilizungumzie jambo hilo, kwa kuwa nimewahi kuwasindikiza vijana wa aina hiyo nikiwa kocha, na ninaamini kwamba anayekimbia nje kwa mara ya kwanza katika majira ya baridi mara nyingi huwa ameshindwa akiwa bado nyumbani, kabla hata tiketi yake haijakatwa.

Nitaeleza moja tu kati ya niliyoyaona. Katika mbio za nusu marathoni za mwezi wa Januari nchini Uholanzi, binti mmoja kutoka Mbulu, ambaye kwenye mazoezi ya Arusha alikuwa akiwaacha wenzake wote, alisimama kando ya hema la wanariadha akijaribu kubandika namba yake kifuani. Pini ya kwanza ilimponyoka ikapotelea mchangani. Ya pili aliweza kuifungua, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi na kuifunga kukamshinda. Nilimfunga namba mimi, nikamfunga na kamba za viatu, na muda wote huo meno yake yalikuwa yakigongana. Alikuwa amevaa singlendi na bukta alizokabidhiwa na wakala wake uwanja wa ndege, saa chache kabla ya kuondoka, pamoja na trakisuti nyepesi ya kung'aa ambayo upepo wa bahari uliipenya bila shida. Hakuwa na glavu wala kofia. Kilomita tano za mwanzo alizikimbia mabega yakiwa yamepanda hadi masikioni, na kundi la mbele likamwacha hapo hapo. Alipopata joto na kuanza kukimbia kwa mwendo wake, waliokuwa mbele walikuwa hawaonekani tena. Magazeti ya nyumbani, kama yaliandika chochote, yaliandika kwamba alishika nafasi ya ishirini na kitu.

Wapo wanaosema kwamba baridi ni ya wenyewe na sisi watu wa jua hatuna la kufanya. Sikubaliani nao, na mfano wangu ni Boston ya tarehe 16 Aprili 2018. Siku hiyo mvua kubwa ilinyesha, joto lilikuwa karibu nyuzi 4, na upepo mkali uliwapiga wakimbiaji usoni tangu Hopkinton wanakoanzia. Geoffrey Kirui wa Kenya, aliyekuwa bingwa mtetezi na pia bingwa wa dunia wa 2017, aliongoza kwa muda mrefu, lakini mwishoni miguu ilimwishia nguvu akapitwa na Mjapani Yuki Kawauchi, mtumishi wa serikali wa jimbo la Saitama ambaye alikuwa akifanya mazoezi nje ya saa za kazi. Kawauchi alimaliza kwa saa 2:15:58, na Kirui akafika kwa saa 2:18:23. Kwa wanawake alishinda Mmarekani Desiree Linden kwa saa 2:39:54, muda ambao katika mwaka wa kawaida haumpi mtu ushindi pale Boston. Nyota kadhaa waliotarajiwa kushinda waliishia njiani. Wengi waliita ushindi wa Kawauchi bahati ya hali ya hewa. Lakini tarehe 1 Januari mwaka huo huo, Mjapani huyo alikuwa amesafiri hadi Marshfield, mji mdogo katika jimbo lile lile la Massachusetts, akakimbia marathoni nzima katika baridi ya takriban nyuzi 17 chini ya sifuri na kumaliza kwa saa 2:18:59. Sisemi kwamba hilo pekee ndilo lililompa ushindi, ila nasema kwamba alipoamka Aprili akakuta mvua na upepo, mwili wake ulikuwa umeshapitia makubwa kuliko hayo.

Watanzania tuna sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini. Juma Ikangaa alishika nafasi ya pili Boston mwaka 1988, akarudia 1989 na 1990. Gabriel Geay akawa wa pili 2023, na Alphonce Simbu akawa wa pili 2025, mwaka ule ule aliotwaa ubingwa wa dunia mjini Tokyo. Hakuna anayedai kwamba baridi ndiyo iliyowanyima ushindi, lakini nchi iliyofika mlangoni mara tano bila kuingia haina ruhusa ya kudharau jambo lolote dogo, na mavazi ni miongoni mwa hayo madogo.

Msingi wa kuvaa kwa ajili ya mbio za baridi unapingana na mazoea yetu, ndiyo maana ni lazima ufundishwe. Mtu anapokimbia, takriban robo tatu ya nguvu anazotumia hugeuka kuwa joto, na ndiyo sababu marathoni hukimbiwa vizuri zaidi katika hewa ya nyuzi 10 au pungufu kidogo kuliko katika jua la Moshi mwezi wa Februari. Kwa hiyo mkimbiaji huvaa kana kwamba hewa ina joto zaidi kwa karibu nyuzi 10 kuliko kipimo kinavyosoma, na anaposimama kwenye mstari wa kuanzia anapaswa kuhisi baridi kidogo. Akijisikia vizuri kabisa hapo, amevaa kupita kiasi, na ndani ya kilomita tatu atakuwa amelowa jasho. Vijana wetu hufanya kinyume: asubuhi za Iten au Arusha hukimbia na jaketi zito na kofia hata jua likiwa limekwisha kuchomoza, kwa imani kwamba jasho jingi ni dalili ya mazoezi mazuri, kisha wakifika Ulaya kwenye mbio zenyewe huvua kila kitu kwa sababu ndivyo wanavyowaona mabingwa kwenye televisheni. Hawajui kwamba bingwa yule alivua koti la pili sekunde chache kabla ya mlio wa bastola.

Kitu cha kuogopwa kuliko baridi yenyewe ni maji. Nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili kwa kasi kubwa, kwa sababu maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Ndiyo maana fulana ya pamba, ambayo sote tunaipenda, haifai hata kidogo: hunywa jasho, huwa nzito na hubaki imelowa hadi mwisho. Vazi linalogusa ngozi liwe la kitambaa cha michezo kinachotoa jasho nje, au la sufu nyembamba, na libane mwili bila kuukaba. Juu yake, kama kuna upepo, huvaliwa jaketi jepesi la kuzuia upepo lenye zipu, ili mkimbiaji aweze kulifungua akipata joto na kulifunga anapogeukia upande upepo unakotoka. Upepo ni wa kuhesabiwa kwa uzito wake: hewa ya nyuzi sifuri, ukivuma upepo wa kilomita 30 kwa saa, huiumiza ngozi kama hewa ya nyuzi 6 au zaidi chini ya sifuri. Wanaozijua mbio za Egmond aan Zee nchini Uholanzi, ambazo hufanyika Januari na kupita kwenye ufukwe wa Bahari ya Kaskazini, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hewa ya nyuzi 10, singlendi na bukta vinatosha, pengine na glavu nyembamba. Ikishuka hadi 5 huongezwa mikono ya kuvaa, ile inayoweza kuteremshwa hadi kwenye kifundo cha mkono bila kusimama, pamoja na utepe wa kuziba masikio. Ikifika sifuri ni fulana ya mikono mirefu, suruali ya kubana, kofia na glavu. Chini ya hapo huongezwa jaketi na kitambaa cha shingoni kinachoweza kupandishwa hadi mdomoni. Glavu ambazo vidole vyote hukaa chumba kimoja huhifadhi joto kuliko zile zenye vidole vitano. Wanaume nao wasione haya kutafuta chupi yenye kitambaa cha kuzuia upepo kwa mbele, kwa kuwa maumivu ya sehemu hiyo baada ya mbio hayasimuliki kwenye gazeti la familia. Soksi ziwe nyembamba. Soksi nene ndani ya kiatu kilicholingana na mguu hukaza na kuzuia damu, na vidole huganda zaidi. Mafuta ya mgando hupakwa kwapani, mapajani na kwenye chuchu ili kuzuia michubuko. Wengi hudhani kwamba yakipakwa usoni huzuia baridi pia, lakini hayafanyi kazi hiyo, humpa tu mtu matumaini ya uongo. Ni vyema pia kukumbuka kwamba viwango hivi ni vya mtu anayekimbia kwa kasi. Mkimbiaji wa kawaida, yule ndugu yetu anayeishi Toronto au Oslo na ambaye amejiandikisha kwa mara ya kwanza ili akamilishe tu, hutoa joto dogo zaidi na hukaa barabarani muda mrefu zaidi, hivyo anahitaji vazi moja zaidi ya bingwa.

Sehemu inayowaumiza wengi zaidi ni ile ya kusubiri. Katika mbio kubwa mkimbiaji hufikishwa mahali pa kuanzia mapema mno, na anaweza kusimama uwanjani saa moja au mbili akiwa ameshakabidhi begi lake. Wenyeji huja wamevaa sweta kuukuu na suruali za zamani ambazo huzivua dakika za mwisho na kuziacha kando ya njia. Katika mbio nyingi waandaaji huzikusanya na kuzigawa kwa wahitaji. Hapa sisi tuna utajiri ambao hatuutumii. Sweta nzito katika soko la mitumba la Karume au Gikomba hupatikana kwa bei ya chakula cha mchana, na nyingi zimetoka huko huko tunakokwenda kukimbia. Nimewahi kumwona kijana akikataa kuitupa sweta ya namna hiyo kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko alizonazo nyumbani, akakimbia kilomita mbili nayo kiunoni. Ni vyema basi ichaguliwe ile ambayo moyo hautaililia. Wengine hujifunika mfuko mkubwa wa taka wenye matundu ya kichwa na mikono, jambo linaloonekana la ajabu kwetu tuliokwisha kuagana na mifuko ya plastiki, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, lakini linazuia mvua na upepo kuliko trakisuti ya bei kubwa. Namba ibandikwe tangu hotelini, kwenye vazi ambalo mkimbiaji atamaliza nalo wala si kwenye lile atakalolivua, na pini zifungwe vidole vikiwa bado na joto.

Kupasha mwili moto huchukua muda mrefu kuliko tulivyozoea. Misuli baridi hukaza na hata mishipa ya fahamu hupeleka habari polepole, kwa hiyo anayezoea dakika kumi na tano nyumbani atahitaji karibu mara mbili ya hizo, tena akiwa amevaa kila alicho nacho. Wasiwasi kwamba hewa baridi itagandisha mapafu hauna msingi, kwa sababu pua na koo huipasha hewa kabla haijafika huko. Kinachotokea ni kwamba hewa hiyo kavu hukausha njia ya pumzi na kuwafanya baadhi ya watu wakohoe au wabanwe na kifua, hasa wenye pumu, nao husaidiwa na kitambaa mdomoni. Kiu nayo hupungua kwenye baridi ingawa jasho linaendelea kutoka, kwa hiyo mkimbiaji anywe kwa ratiba aliyojiwekea bila kungoja kiu.

Kisha kuna dakika za baada ya kumaliza, ambazo makocha wetu wengi huzisahau kwa sababu ya furaha au masikitiko. Mwili uliokuwa ukitoa joto jingi husimama ghafla, nguo zimelowa, nguvu zimekwisha. Hapo ndipo joto la ndani linaweza kushuka chini ya nyuzi 35, kiwango ambacho madaktari huanza kukihesabu kuwa hatari. Mtu hutetemeka bila kujizuia, ulimi huwa mzito, hujikwaa na kujibu maswali ovyo. Na kutetemeka kukikoma ilhali bado ana baridi, hiyo ni hali ya kumkimbiza kwa daktari mara moja. Blanketi la karatasi ya kung'aa linalotolewa kwenye mstari wa kumalizia husaidia, lakini halichukui nafasi ya nguo kavu, kofia kavu na chai ya moto yenye sukari. Mwenye jukumu la kumpokea mwanariadha awe amesimama pale na begi, badala ya kuwa jukwaani akitafuta picha.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Tafiti zilizofanywa katika majeshi ya Uingereza na Marekani zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata madhara ya baridi kwenye vidole vya mikono na miguu mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Isitoshe, vitabu vya huduma ya kwanza huelekeza mtu aangalie ngozi inayogeuka nyeupe, na katika ngozi yetu nyeusi weupe huo hauonekani kirahisi. Mwanariadha wetu afundishwe kutegemea hisia: kidole, sikio au ncha ya pua iliyoacha kuuma na kufa ganzi kabisa, ngozi ikawa ngumu au ya kijivu kama nta, inahitaji joto la vuguvugu na daktari, wala isisuguliwe.

Wanaodhani kwamba ninatia chumvi wakumbuke Gansu, nchini China, tarehe 22 Mei 2021. Katika mbio za milimani za kilomita 100, wakimbiaji 21 walifariki baada ya mvua ya mawe, mvua ya baridi kali na dhoruba kuwakuta juu mlimani. Asubuhi wengi wao walikuwa wameondoka na fulana na bukta tu, na jaketi la kuzuia upepo halikuwamo katika orodha ya vifaa vya lazima.

Ugumu wetu ni kalenda. Baridi ya Njombe, Makete na uwanda wa Kitulo, ambako Juni na Julai umande huganda juu ya majani, huja wakati mbio za baridi za Ulaya hazipo, na vijana wanaojiandaa kwa Januari na Machi hufanya mazoezi katika miezi ya joto. Hata hivyo, kujifunza kuvaa hakuhitaji theluji. Kambi inaweza kuwapeleka wanariadha nyanda za juu za kusini mwezi wa Julai, ikawakimbiza alfajiri wakiwa na nguo zile zile watakazosafiri nazo, wakajua ni glavu ipi inateleza, ni zipu ipi inakwaruza kidevu, na ni baada ya kilomita ngapi jaketi linapaswa kufunguliwa. Siku ya mbio haivaliwi kitu kipya, na sheria hiyo, ambayo kila mmoja anaijua kuhusu viatu, bado haijafika kwenye glavu na suruali.

Ombi langu kwa wasimamizi wa riadha nchini ni kwamba mkataba wa wakala yeyote anayempeleka mwanariadha kwenye mbio za majira ya baridi utaje nguo hizo kwa majina, pamoja na tarehe ya kuzikabidhi, isiyopungua miezi miwili kabla ya safari. Wakala anayechukua sehemu ya zawadi za kijana anaweza kumudu glavu, kofia, suruali ya kubana na jaketi. Kwa vijana wasio na wakala, ambao ndio wengi, vilabu vinaweza kuwa na sanduku la nguo za kuazimana, kila anayerudi akaziacha zikiwa zimefuliwa kwa ajili ya anayefuata. Na waandishi wako wa michezo, Mhariri, wanapomhoji mwanariadha anayeondoka, wamwombe pia afungue begi.

Wako,
Kocha mstaafu wa riadha,
Arusha.